Wanafunzi waitalii Nairobi kwa masikio pia

Kila mwaka, majira ya ziara za shule yanapofika, mabasi huonekana alfajiri yakiipita Keumbu kuelekea Keroka, Sotik, Bomet na Narok, yamejaa wanafunzi waliovalia sare zilizopigwa pasi tangu jana yake. Wanakwenda kuiona Nairobi. Ni mwendo wa kilomita mia tatu hivi, na gharama yake si haba kwa mzazi ambaye aghalabu huipata karo kwa mikungu ya ndizi iuzwayo kando ya barabara hiyo hiyo. Kwa hiyo si utovu wa adabu kuuliza: mtoto huyu akirejea, amerejea na nini?

Jibu tunalo katika insha zao. Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyewahi kusahihisha insha ya "Ziara ya Nairobi" anaijua hata kabla hajaifungua. Kuna majengo yanayogusa mawingu, magari mengi kama siafu, na simba aliyelala kivulini. Jumba la Mikutano la Kenyatta lililokamilika mwaka 1973 limo, na ghorofa zake 28 zimehesabiwa. Mbuga ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1946 imo. Uwanja wa ndege umo. Ajabu ni kwamba katika kurasa hizo zote hakuna mtu hata mmoja wa Nairobi afunguaye kinywa. Mji wa watu 4,397,073, kwa hesabu ya mwaka 2019, yaani zaidi ya mara mbili ya wakazi wote wa Kisii na Nyamira wakijumlishwa, huandikwa kana kwamba ni mji wa mabubu.

Si kosa la wanafunzi. Hivyo ndivyo tulivyowafunza maana ya utalii: kuketi dirishani, kunyoshewa kidole jengo, kupigwa picha, kurudi. Ilhali neno lenyewe lina habari nyingine. Mtalii na mtaala ni ndugu. Yote mawili yanatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kusoma na kudurusu. Mtalii kwa asili ya neno ni msomaji, na mji mkubwa ni kitabu kinachosomwa zaidi kwa masikio kuliko kwa macho. Ghorofa nyingine ataziona hata Kisumu. Lakini ni wapi tena katika nchi yetu atakapozikuta lugha zetu zaidi ya arobaini, pamoja na za wageni, zikinunua na kuuziana nyanya katika soko moja?

Hebu tuchukue mfano mwepesi ambao mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuufanya akiwa na daftari na kalamu tu. Jina la Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Kabla reli haijafika mwaka 1899, na kabla serikali ya Waingereza haijahamishia makao yake hapo mwaka 1905, palikuwa mahali pa kunyweshea ng'ombe. Basi mwanafunzi na aulize neno hilo hilo, maji, kila afikapo. Nyumbani Keumbu anasema amache. Mkikuyu atamwambia maaĩ, na Waluhya wengi amatsi. Hapo hata asiyesoma isimu ataona kwamba yeye, hao na Mswahili wa pwani ni watoto wa nyumba moja. Mjaluo atamwambia pi, Mkalenjin beek. Hiyo ni nyumba nyingine. Akifika Eastleigh, au Islii kama wasemavyo wenyewe, Msomali atasema biyo. Mwenye duka wa Kigujarati katika Mtaa wa Biashara atasema pani. Na Mnubi wa Kibera atasema moyo, jambo litakalomchekesha mtoto safari nzima, mpaka aelezwe kwamba Kinubi ni lugha iliyozaliwa kutokana na Kiarabu katika kambi za askari wa Sudan, na kwamba jina la Kibera lenyewe ni la Kinubi: Kibra, msitu. Kwa bilauri moja ya maji, mtoto amezunguka Afrika na kuvuka Bahari ya Hindi.

Majina ya mitaa nayo yanasomeka vivyo hivyo. Kariakor ni masalia ya kikosi cha wapagazi wa Kiafrika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliwaita Carrier Corps, ulimi wa Mwafrika ukaligeuza. Dar es Salaam ina Kariakoo yake kwa sababu hiyo hiyo. Soko la Burma linakumbusha vita vya pili, ambamo vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa kupigana na Wajapani katika misitu ya Asia. Majengo, Shauri Moyo, Ziwani na Bahati ni Kiswahili kitupu. Makadara iko Mombasa pia, na Kaloleni iko Kilifi. Na neno duka, ambalo bila hilo hatungeweza kuuelezea mji wowote, tumelipata kwa Wahindi, ambao zaidi ya 30,000 kati yao waliletwa kujenga reli, wengi wakarudi kwao, wachache wakabaki. Historia ya karne nzima imeandikwa kwenye vibao vya mitaa, nasi twaipita kwa kasi tukiwahi kumwona twiga.

Lipo jambo zito zaidi, nalo ndilo lililonisukuma kuandika. Mtoto wetu huenda Nairobi akiwa tayari amefunzwa kuionea haya lugha ya mama yake. Katika shule nyingi za nchi hii, kizazi baada ya kizazi, mwanafunzi aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani amevishwa kibao shingoni kama mwizi wa kuku. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini, na Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, inaiagiza dola kuendeleza na kulinda lugha zetu zote; kibao kikaendelea kuning'inia. Mtoto huyo akifika mjini na kuwasikia vijana wakitiririka Sheng, huamini kwamba ustaarabu umekwisha kumwacha nyuma. Hurudi Keumbu na maneno kumi ya Sheng na dharau kidogo kwa nyanya yake.

Sina ugomvi na Sheng. Ni usemi wa vijana wa mitaa ya mashariki ya mji, na umejengwa kwa matofali yaliyotoka katika lugha za vijijini, ya Kiswahili na Kiingereza yakiwa mengi. Hilo ndilo mwalimu apaswalo kumwonyesha mwanafunzi: mji haukuzaliwa na mji. Tena amkumbushe jambo dogo la kujivunia. Kiswahili, pamoja na ukwasi wake wote, kiliazima sita, saba na tisa kutoka kwa Waarabu. Ekegusii husema saba kwa mali yake yenyewe, isano na ibere, tano na mbili.

Kuna kichekesho kimoja cha ziara zetu ambacho sijapata kukimaliza kukicheka. Tangu kuanzishwa kwa Bomas of Kenya mwaka 1971, watoto wengi kutoka Gusii wamesafirishwa hadi Lang'ata, wakatozwa kiingilio, wakaonyeshwa mfano wa boma la Wakisii. Wazazi waliuza ndizi ili mtoto akaelezwe nyumba ya babu yake. Ingefaa angalau mwalimu ambadilishie kazi: yeye mtoto awe ndiye mwelezaji, na wenziwe kutoka shule za Nairobi wawe wasikilizaji.

Najua walimu wenzangu watakalosema. Aliyepewa watoto hamsini wa watu hawezi kuwaachilia Gikomba wahojiane na wachuuzi, na jioni awahesabu awapate hamsini. Ni kweli. Wala sipendekezi wapelekwe Kibera kuwakodolea macho wakazi, kama wafanyavyo baadhi ya wageni wenye kamera. Umaskini wa mtu si kivutio. Mtu akiulizwa neno kwa heshima hugeuka mwalimu, akipigwa picha bila ruhusa hugeuka kitu. Haihitaji Gikomba. Dereva, bawabu wa makumbusho, mwuza maji ya chupa, mwanafunzi wa shule nyingine aliyepanga foleni lango lile lile, hao wanatosha. Maneno matano, lugha saba, yaandikwe daftarini na yajadiliwe darasani Jumatatu. Hakuna kiingilio.

Na daftari hilo lisifungwe basi linapogeuka kurudi. Baada ya Sotik barabara hupita Chebilat, mpakani mwa Wakipsigis na Abagusii, mahali palipochomwa moto katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwaka 2008. Wanafunzi wa leo hawakuwa wamezaliwa, lakini wamesimuliwa, na wengi hupapita wakiwa wamefunga madirisha. Saa moja ya mchana ingetosha kusimama hapo, kununua chai, na kumwuliza mama muuzaji jinsi asemavyo maji, chai, mtoto, jirani. Neno la kwanza watakuwa wamekwisha kulijua tangu Nairobi.