Mafiga Matatu ya Afya Yafundishwe Pamoja

Wakulima, katika utaratibu wa ofisi kila jambo lina meza yake. Ng'ombe akiugua, mkulima huenda kwa daktari wa mifugo. Mtoto akiugua, huenda hospitali. Chemchemi ikikauka au mto ukichafuka, huambiwa aende kwa watu wa mazingira. Mpango huu si mbaya, maana kila kazi yataka fundi wake. Lakini ugonjwa hausomi vibao vilivyo juu ya milango. Huanza zizini, ukaingia jikoni, ukateremka mtoni, kisha ukapanda tena hadi zizi la jirani.

Kwa sababu hiyo nataka kusema juu ya jambo ambalo mkulima aweza kudhani halimhusu, yaani mafunzo ya vyuo vikuu. Maoni yangu ni haya: daktari wa watu, daktari wa mifugo na mtaalamu wa mazingira wafundishwe pamoja sehemu ya masomo yao, tena wafundishwe katika mashamba yetu, kabla hawajapewa meza zao. Mafunzo ya namna hiyo siku hizi huitwa Afya Moja. Kila mama apikaye kwa kuni ataelewa maana yake mara moja. Chungu hakikai juu ya figa moja, wala mawili. Afya ya watu, afya ya wanyama, na afya ya ardhi na maji ndiyo mafiga matatu. Likiondolewa moja, chakula humwagika.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Sisi wa Kisii na Nyamira twaishi karibu sana na wanyama wetu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576. Maana yake, katika kila kilomita moja ya mraba Kisii ina watu zaidi ya 900, na Nyamira zaidi ya 600. Hata huku Borabu, ambako mashamba yaliyogawanywa baada ya Serikali kununua ardhi ya Wazungu yalikuwa makubwa kuliko yale ya Gusii kwingine, sasa wana na wajukuu wamejenga, na shamba la babu limekatwa vipande. Ng'ombe wa gredi hafungwi tena mbali huko malishoni. Yuko nyuma ya jiko. Kuku wako mlangoni, mbwa yuko uani, na kisima au chemchemi iko chini ya mteremko ule ule ambao maji ya mvua huupitia yakitoka zizini.

Wataalamu wa dunia wasema kwamba katika kila magonjwa 10 ya kuambukiza yanayojulikana kuwapata watu, kama 6 hivi hutoka kwa wanyama. Kwa hiyo mtu aliye karibu na wanyama ndiye aliye karibu na hatari hiyo, naye ndiye wa kwanza kuhitaji watumishi wanaosikilizana.

MFANO WA KIMETA

Tuseme ng'ombe amekufa ghafula. Tumbo limevimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda yatoka puani na nyuma. Hizo ni dalili za kimeta. Mzoga kama huo haufai kupasuliwa wala kuchunwa. Lakini mara nyingi mwenye ng'ombe huona hasara yake ni kubwa, akaita majirani, nyama ikagawanywa.

Baada ya siku chache mtu mmoja aliyechuna apata kidonda cheusi mkononi, aenda hospitali. Tabibu akiwa hakufundishwa kuuliza habari za mifugo, atatibu kidonda cha mtu mmoja, na huku nyama iliyobaki ingali katika vyungu vya nyumba nyingine. Daktari wa mifugo naye akija kuzika mzoga bila kupeleka habari hospitali, wale waliochuna wataachwa nyumbani wakingoja ugonjwa uwashike. Na wote wawili wakisahau ardhi, kazi haijaisha, kwa sababu mbegu za kimeta zaweza kukaa udongoni miaka mingi sana, zikangoja ng'ombe mwingine aje kula majani mahali pale. Hapa kila mtumishi amefanya kazi yake sawasawa kama alivyofundishwa, na ugonjwa umepita katikati yao.

Chukua pia ugonjwa wa kutupa mimba, ambao wataalamu huuita bruselosisi. Ng'ombe hutupa mimba, na mtu anayeshika kondo la nyuma kwa mikono mitupu au kunywa maziwa mabichi huweza kuambukizwa. Hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Homa hiyo hufanana na malaria au taifodi, na mtu aweza kutibiwa malaria mara nyingi bila kupona. Swali moja tu la tabibu lingeweza kufungua njia: "Je, mama, kuna ng'ombe aliyetupa mimba nyumbani?" Lakini swali hilo haliji kinywani mwa mtu ambaye hakufundishwa kuliuliza.

Na figa la tatu tusilisahau. Nyanda zetu za juu zilipatwa na milipuko ya malaria katika miaka ya 1990. Shimo la kufyatulia matofali likiachwa wazi na kujaa maji ya mvua, mbu huzaana humo. Mikaratusi ikipandwa kando ya mto hunywa maji mengi, na chemchemi chache zinazobaki hutumiwa na watu na ng'ombe pamoja. Dawa humpa mgonjwa nafuu, lakini shimo na chemchemi hubaki vile vile.

YALIYOKWISHA KUTENDEKA

Jambo hili si ndoto. Kenya ililipa bei kubwa kulijifunza. Mwishoni mwa mwaka 2006 homa ya Bonde la Ufa ilitokea Garissa, ikaenea sehemu nyingine za nchi hadi mwaka 2007, na watu zaidi ya 150 wakafa katika Kenya. Wafugaji wa kule walikuwa wameona mvua isiyo ya kawaida, mbu wengi kupita kiasi, na mifugo kuugua na kutupa mimba, kabla wagonjwa hawajajulikana hospitalini. Habari ilikuwako zizini. Haikuwa na njia nzuri ya kufika kwa tabibu. Baada ya hapo, katika miaka ya 2011 na 2012, wizara ya afya na wizara ya mifugo zilianzisha kitengo kimoja cha kushughulikia magonjwa yatokayo kwa wanyama, ambamo daktari wa watu na daktari wa mifugo hufanya kazi pamoja. Tena uliandikwa mpango wa kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa katika Kenya kuanzia mwaka 2014 hadi 2030, ambao msingi wake ni kuchanja mbwa angalau 70 katika kila 100.

Vyuo vikuu navyo vilianza. Mwaka 2010 uliundwa mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki na ya Kati, wenye makao yake Kampala, ambao sasa waitwa AFROHUN. Kwa upande wa Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Moi vimo tangu mwanzo. Shabaha yake ni kuwaweka pamoja wanafunzi wa utabibu, wa mifugo na wa masomo mengine, na kuwapeleka vijijini wakatazame tatizo moja kwa macho mengi. Kwa miaka mingi fedha nyingi za kazi hiyo zilitoka Marekani kwa njia ya shirika la USAID. Mwaka 2025 shirika hilo lilifungwa. Basi hapa ndipo penye shaka: je, mafunzo haya yatakuwa mali yetu wenyewe, au yatakwisha pamoja na fedha za mgeni?

WANAOPINGA

Wako wanaosema kwamba kuchanganya masomo kutatoa watu wanaojua kidogo kidogo cha kila kitu, na hakuna fundi kamili. Hofu hiyo yafaa kusikilizwa. Hakuna mkulima anayetaka ng'ombe wake apasuliwe na mwuguzi, wala mke wake azalishwe na daktari wa mifugo. Lakini hilo silo linaloombwa. Linaloombwa ni kwamba kila mmoja awe fundi kamili wa kazi yake, na zaidi ya hayo ajue ni wakati gani kazi yake imekoma na ya mwenzake imeanza, na amjue mwenzake huyo kwa jina. Seremala na mwashi hawabadilishani misumeno na pima-maji, lakini nyumba haisimami kama hawakusikilizana juu ya mlango.

Wengine wasema, vijana wetu wana vyeti vingi tayari na kazi hazipatikani, cheti kipya ni cha nini? Nakubali. Cheti kipya peke yake ni karatasi. Afadhali masomo haya yawe sehemu ya lazima katika vyeti vilivyopo, ili kila tabibu na kila bwana mifugo anayeajiriwa awe ameyapitia.

MAMBO MATATU YA KUFANYA

Kwanza, vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka 1965 kama chuo cha kufundisha walimu wa shule za msingi, kikapewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kina wanafunzi wa afya na wanafunzi wa kilimo. Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba hapana mwalimu aliyepewa cheti bila kwenda mazoezini, akasimama mbele ya watoto wa kweli, ubaoni, na mkaguzi ameketi nyuma. Somo la Afya Moja lifanywe hivyo hivyo. Mwanafunzi wa uuguzi na mwanafunzi wa kilimo watumwe pamoja katika kijiji kimoja, wahesabu mbwa waliochanjwa, watazame chemchemi, waulize juu ya homa na mimba zilizotoka, kisha waandike ripoti moja, siyo mbili. Na ripoti hiyo isomwe kwa wanakijiji katika baraza, isikae kabatini.

Pili, serikali za kaunti. Tangu mwaka 2013 hospitali zetu na huduma za mifugo zote ziko chini ya kaunti. Zamani mtu aliweza kusema kwamba wizara moja iko mbali na nyingine. Sasa wote wana gavana mmoja na bajeti moja. Kwa hiyo haifai mzoga wa kimeta ujulikane katika ofisi moja na usijulikane katika ofisi iliyo ng'ambo ya ua. Kaunti iwapokee wanafunzi, iwape usafiri, na iwaajiri wanaojua kufanya kazi pamoja. Katiba yatupa sisi raia nafasi ya kusema wakati bajeti inapojadiliwa. Mkutano huo ukiitwa, mkulima asiende kudai barabara peke yake.

Tatu, sisi wakulima. Mwanafunzi hawezi kujifunza katika shamba lililofungwa. Wakija, wafungulieni, mwambieni kweli, hata habari za ng'ombe aliyekufa na kuliwa. Mjueni pia kwamba nanyi ni walimu wao. Na wakati tukingojea vyuo, yako ambayo hayangoji:

Mnyama akifa ghafula, msimpasue. Mwiteni bwana mifugo, na wote waliomgusa waambieni waende hospitali. Mifugo ichanjwe kimeta kila mwaka mahali penye ugonjwa huo.

Chemsheni maziwa. Msishike kondo la nyuma wala mimba iliyotoka bila glavu au mfuko wa plastiki mikononi.

Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachomwe sindano. Kichaa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Kuchanja mbwa ni gharama ndogo kuliko sindano za mtu mmoja.

Ng'ombe akipigwa sindano ya dawa, maziwa yake yasiuzwe wala kunywewa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Dawa ikinywewa kidogo kidogo katika chai, vijidudu huizoea, na siku mtoto atakapoihitaji haitamponya.

Na mnapokwenda hospitali na homa isiyokwisha, msingoje kuulizwa. Mwambieni tabibu mna wanyama gani, na wana hali gani. Neno hilo moja laweza kuokoa maisha, tena halina malipo.

Watoto wengi wa Borabu wako vyuoni sasa. Wengine watakuwa wauguzi, wengine mabwana mifugo, wengine walinzi wa misitu na mito. Watarudi kutuhudumia sisi waliotulipia karo kwa fedha za maziwa na chai. Ni haki yetu kuuliza wanafundishwa nini, na ni haki yetu kudai wafundishwe kukaa penye jiko moja, maana chungu wanachokipikia ni kimoja.