Siku Unapoita Fundi wa Rangi, Wewe Ndiye Patroni

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Kazini unajua haki yako. Mashine ya kutoboa mwamba ikianza kuzunguka bila maji, unasimama na kuuliza: maji yako wapi? Maski ikichakaa, unadai nyingine. Unafanya vizuri. Mavumbi ya mwamba yana silika, na silika ikifika ndani kabisa ya mapafu huyaharibu polepole, tena hukifungulia kifua kikuu mlango.

Sasa tuje nyumbani. Tembea Jumamosi moja katika mitaa ya Baraka, ao panda mpaka Fizi. Utamwona kijana amesimama juu ya pipa, anakwangua rangi ya zamani kwa msasa mkavu. Dirisha limefungwa ili majirani wasichafuliwe. Kinywani hana kitu. Chini yake mtoto anatambaa katika unga ulioanguka, kisha anatia vidole kinywani. Nani mkubwa wa kazi hapo? Si kampuni, wala si serikali. Ni mwenye nyumba aliyemwita fundi.

Hilo ndilo neno langu kwako mwezi huu. Anayemlipa fundi ni patroni, na patroni ana wajibu ule ule anaoudai kwa kampuni yake.

Najua jibu lako: «Fundi anajua kazi yake, mimi kazi yangu ni kulipa.» Kweli, mafundi wetu wengi wana mkono mzuri. Wengine walijifunza ng'ambo ya ziwa, Kigoma na katika kambi za Lugufu na Nyarugusu, kabla ya kurudi kwa meli kuanzia mwaka 2005. Wengine walifundishwa na wakubwa wao hapa hapa. Lakini wewe ulipomvuta bei mpaka ikabaki nusu, ulidhani atapunguza nini? Rangi utaiona, basi hataipunguza. Atapunguza usichokiona: maji ya kulowesha ukuta, maski, siku za kukauka. Bei ikikatwa sana, afya ndiyo inayokatwa kwanza.

HATARI ZIKO WAPI?

Ya kwanza ni risasi, ambayo wengine huita plombo. Ilitiwa katika rangi tangu zamani ili rangi ing'ae na kudumu, na mpaka leo haijatoka katika rangi zote zinazouzwa. Huharibu ubongo wa mtoto, hupunguza damu, nayo hupita kutoka kwa mama mwenye mimba mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu ambacho ni salama. Jambo hili si jipya: mwaka 1921, huko Geneva, mkutano wa kimataifa wa kazi ulikubaliana kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya nyumba, na kuwakataza vijana walio chini ya miaka 18 na wanawake kuifanyia kazi viwandani. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ulizishauri nchi zote kwamba risasi katika rangi isizidi sehemu 90 katika milioni. Basi tafuta kopo lililoandikwa kwamba halina risasi. Kopo lisilo na maandishi yoyote, liache dukani.

Ya pili ni mvuke. Rangi ya mafuta huchanganywa na dawa ya kuyeyusha, ao na esansi. Harufu ile inayoumiza kichwa si harufu tu, ni sumu inayopita pumuani. Tena hushika moto upesi: mbabula wenye makala ukiwa karibu, nyumba inaweza kuwaka. Mwaka 1989 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya kupaka rangi kati ya kazi zinazoleta kansa. Kijana unayemwita anavuta mvuke huo kila siku. Usimwambie afunge madirisha.

Ya tatu ni mavumbi. Ukuta wa simenti ukisuguliwa mkavu hutoa silika ile ile unayoikimbia mgodini. Wewe uliyekwisha kuvuta mavumbi miaka kumi, usikae hapo «kumsimamia fundi». Mapafu yako yamebeba ya kutosha.

Ya ine ni chokaa. Ikikutana na maji huchemka kama sufuria jikoni. Chokaa hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo, wala maji hayamwagwi juu ya chokaa. Ikiingia jichoni, fungua kope na umwagie maji safi muda wa dakika 20 bila kuacha, halafu kimbia dispansari. Tumeletewa watoto waliotiwa maziwa ya mama ao ndimu jichoni, na wakati huo wote chokaa ilikuwa inaendelea kula. Maji kwanza!

NAMNA YA KUMCHAGUA FUNDI

Usimchague kwa maneno wala kwa undugu. Mwombe akuonyeshe nyumba aliyoipaka zaidi ya mwaka mmoja, iliyokwisha kupita masika. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga, ao ukiona rangi inabambuka kama ngozi ya nyoka, shukuru na uende zako.

Kisha umwulize: rangi ya zamani utaitoaje? Fundi mwema atajibu kwamba analowesha ukuta kwanza, anakwangua ungali majimaji, anaokota takataka na kuzizika mbali na kisima. Mwulize tena: lipu mpya itakaa muda gani kabla ya rangi? Akikuambia siku mbili, bado hajafuzu. Lipu ya simenti yahitaji karibu majuma manne, la sivyo maji yaliyomo yatasukuma rangi nje, nawe utalipa mara mbili. Nyumba ya matofali mabichi afadhali upake chokaa kuliko rangi ya mafuta: ukuta unapumua, na mfuko pia unapumua.

Jifunze kuhesabu kabla ya kununua. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kuta za mita 2.5 kwenda juu, kina mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Lita moja hufunika karibu mita za mraba 10 za ukuta laini. Kupaka mara mbili ni lita 6 ao 7. Ukuta wa kukwaruza hunywa zaidi, lakini akikutajia lita 20, akueleze sababu.

Mapatano yafanyike mbele ya shahidi: bei, siku, na nani ananunua nini. Katika bei hiyo weka maski, ngazi imara na sabuni. Fundi asinawe mikono kwa esansi. Na msaidizi wake asiwe mtoto anayepaswa kuwa darasani.

WAKATI GANI?

Sisi tuna desturi mbili zinazonihuzunisha. Tunapaka rangi mwezi wa 12 ili nyumba ing'ae siku ya Bonane, na tunapaka wakati mama yuko karibu kuzaa ili mtoto apokewe vizuri. Mwezi wa 12 ni mvua: kuta zina maji, milango imefungwa, familia yote inalala katika mvuke. Na mtoto mchanga hatazami rangi ya ukuta, anataka hewa safi. Paka kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8. Mama mwenye mimba na watoto walale kwa ndugu mpaka harufu iishe kabisa. Makopo matupu yatobolewe na kuzikwa, yasiwe ya kutekea maji wala ya kupimia unga.

Utaniambia hayo yote yanaongeza gharama. Ndiyo, yanaongeza. Lakini kumbuka unavyokasirika ukisikia mkubwa fulani wa kazi amesema maski ni ghali. Huyo kijana aliye juu ya pipa naye ana mama anayemngojea jioni. Mtendee kama unavyotaka kutendewa mgodini.

Nyumba nzuri ni ile ambayo waliomo, na yule aliyeipaka, wote wanapumua vizuri.