Fomu ya Mhadhiri Haisemi Yote

Wewe mwanafunzi wa chuo unaijua ile fomu. Muhula unapokaribia kwisha unatakiwa kumpa mhadhiri wako alama. Je, alifika kwa wakati? Alieleweka? Alirudisha karatasi za majaribio? Wengi wenu huweka "nzuri" toka juu hadi chini, maswali hamjayasoma, ili mradi mmalize. Nawe mzazi unayelipa karo, huenda hata hujui kuna fomu hiyo.

Basi jueni kwamba kuna mtu anayeisubiri kwa wasiwasi. Si profesa mwenye kazi ya kudumu, hasha! Nazungumzia mhadhiri wa kibarua, anayefundisha hapa asubuhi, kisha akapanda matatu kwenda chuo kingine alasiri, na malipo yake yakachelewa miezi na miezi. Kwake yeye, manung'uniko ya darasa moja yaweza kumkosesha kazi muhula ujao. Mtu kama huyo atathubutu kuwatungia mtihani mgumu?

Tena darasa linalopendeza si lazima liwe ndilo linalofunza. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha matokeo ya kufundisha fizikia kwa njia mbili: mhadhara mtamu wa kusikiliza, na darasa la wanafunzi kutatua maswali wenyewe. Jaribio lilionyesha kuwa waliotatua maswali walijifunza zaidi, lakini wao ndio waliodhani wamejifunza kidogo!

Mhadhiri naye hapewi fomu ya kueleza yaliyo moyoni mwake. Yake husikika barabarani. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma wa 2025 ulianza Septemba ukaisha Novemba, siku 49, wakidai karibu shilingi bilioni 8 za mkataba wa malipo wa 2017 hadi 2021. Nyinyi mlikaa nyumbani.

Hata hivyo wapo wahadhiri wasiongoja mwisho wa muhula. Wiki ya tano hugawa vipande vya karatasi, bila majina, na kuuliza: ni kitu gani hakijaeleweka? Ukimwandikia "nzuri", hana la kufanya nalo. Ukimwandikia kwamba kwenye takwimu alienda mbio, na walio nyuma hawauoni ubao, Jumatatu atajua pa kuanzia.