Ujuzi ndio upande basi, si mama

Safu ya JICHO LA KAGERA
Na Deodatus Rwekaza

Tarehe 20 Januari 2025, akiwa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaambia Watanzania kwamba kirusi cha Marburg kimethibitika wilayani Biharamulo. Sampuli zilikuwa zimepimwa kwenye maabara ya Kabaile hapa Kagera na kuhakikiwa Dar es Salaam. Wataalamu wakaingia wilayani, Shirika la Afya Duniani likaleta watu na vifaa, na waliogusana na wagonjwa wakafuatiliwa kwa siku 21. Tarehe 13 Machi mlipuko ukatangazwa kwisha. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 10, na wote 10 walifariki. Msiba ulikuwa mzito, na ungekuwa mzito zaidi kama ujuzi ungechelewa kufika.

Ni vigumu kuamini kwamba kati ya nyumba zilizopigwa hodi katika majuma yale hapakuwa na hata moja yenye mtoto wa miaka minne asiyesema, asiyegeuka akiitwa, anayezunguka uani akipepesa vidole mbele ya macho yake. Waliopiga hodi walikuwa wakitafuta homa, na ndivyo ilivyopasa. Usonji hauui ndani ya wiki, kwa hiyo hauletewi gari. Lakini mama wa mtoto yule naye amekaa mlangoni miaka akisubiri hodi.

Ni wangapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 320,056 katika wilaya jirani ya Ngara na 323,486 Biharamulo. Ukigawanya jumla hiyo kwa kadirio la dunia, unapata watu wapatao 5,000, na wilaya hizi zimeongezeka sana tangu sensa ile. Hesabu ya namna hii haichukui nafasi ya utafiti, ila inatosha kumfanya mtu aulize watu elfu tano wako wapi.

Wapo, ila wanaitwa majina mengine. Bubu. Zezeta. Mkaidi. Aliyerogwa akiwa tumboni. Neno usonji lenyewe bado linasikika zaidi redioni na kwenye semina kuliko gulioni. Maana yake si ngumu: ubongo wa mtoto umekua kwa namna tofauti, mara nyingi tangu kabla ya kuzaliwa, na tofauti hiyo inaonekana katika kuongea, katika kuwasiliana na watu, na katika namna anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Wapo wasiotamka neno. Wapo wanaoongea mfululizo habari za jambo moja tu, na wakalijua kuliko mwalimu. Kando yao wako watoto wasioweza kutulia dakika tano, na wengine ambao herufi zinawachanganya hadi darasa la nne. Hawa hawaitwi wagonjwa. Wanaitwa watundu na wavivu, na dawa yao ni fimbo.

Tuseme ni siku ya kliniki ya watoto kwenye zahanati mojawapo ya Ngara. Akina mama wamepanga foleni, mzani unaning'inia kwenye boriti, watoto wanavuliwa nguo mmoja mmoja. Pembeni, kwenye sakafu, mvulana wa miaka mitatu anapanga vizibo vya soda. Vyekundu, kisha vya kijani, kisha vyekundu tena, mstari ulionyooka kama umepigwa uzi. Ng'ambo ya barabara mashine ya kusaga inawashwa. Mvulana anaziba masikio kwa viganja vyote viwili na kupiga ukelele unaokata mazungumzo ya foleni nzima. Macho yote yanamgeukia mama. Mama anamfunika kichwa kwa kanga, anamkumbatia kwa nguvu, anatazama chini. Zamu yake inafika, mtoto anapimwa, uzito ni mzuri, tarehe ya kurudi inaandikwa.

Pale pale, kabla kadi haijarudishwa, kuna maswali matatu ambayo yangeweza kuulizwa. Mama, akitaka kitu anakuonyesha kwa kidole? Ukimwita jina anageuka? Kuna maneno aliyokuwa nayo akayapoteza? Hayamalizi muda wa kumvua mtoto suruali. Hayatoi jibu la kitabibu, lakini yanamwambia mama jambo ambalo hajawahi kuambiwa: kwamba alichokiona yeye nyumbani kimeonekana na mtu mwingine pia.

Wengi hukimbilia kulaumu wanaposikia habari za watoto wanaofungwa kamba. Ndiyo, wapo watoto wanaofungiwa ndani, na wapo wanaofungwa mguu kwenye mguu wa kitanda. Ni jambo la kuumiza, na halina utetezi. Hata hivyo, kabla ya kumwita mama katili, mtu na asimame dakika moja mahali anaposimama mama huyo. Shamba la maharage liko kilimani, mto uko bondeni, mtoto haogopi maji wala gari, na akitoka mbio hasikii akiitwa. Mume ameondoka, au yupo na amesema kwao hakuna watoto wa namna hiyo. Mama mkwe anauliza mimba ile ilikuwa na nini. Mama huyo ana mikono miwili, na yote miwili iko kwenye jembe. Anayetaka kamba ile ifunguliwe aanze kwa kumtafutia mikono mingine.

Liko pia suala la degedege, ambalo huku linajulikana vizuri mno. Mwaka 2006 watafiti, akiwemo daktari bingwa wa magonjwa ya akili Noah Ndosi, walichapisha taarifa ya watoto 20 wa Tanzania. Kati yao 14 walikidhi vigezo vya usonji, na 3 katika hao walikuwa wamekua vizuri mpaka walipopata malaria kali yenye homa ndefu na degedege. Dalili zikaanza walipopona. Kwa wengine saba haukuonekana uhusiano wowote na maambukizi. Ni kundi dogo, na mtu asitoke hapo akasema malaria ndiyo inayoleta usonji, kwa sababu kwa watoto walio wengi urithi una nafasi kubwa. Lakini katika mkoa unaosumbuliwa na malaria kama Kagera, taarifa ile ina maana ya wazi: mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria akapona asiishie kuruhusiwa wodini. Aangaliwe tena baada ya miezi, ajulikane kama bado anasema maneno aliyokuwa akiyasema. Na degedege ni shauri la kituo cha afya usiku huohuo, si la kusubiri ndege anayeaminiwa kuleta degedege ateremke kichwani mwa mtoto.

Ikitokea mama ameshauriwa kutafuta wataalamu, safari yenyewe ni mtihani. Kutoka Ngara basi linateremka hadi Lusahunga na Nyakanazi, linapita Runzewe na Geita, kisha linavuka Ziwa Victoria kuelekea Mwanza iliko Hospitali ya Kanda ya Bugando. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025 limeondoa kungoja kivuko, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo mtoto asiyevumilia mashine ya kusaga atakaa saa hizo zote chini ya spika ya basi, katikati ya abiria wanaomwambia mama amnyamazishe. Shule na vituo vinavyotajwa sana katika habari za usonji viko mbali zaidi: kitengo cha Msimbazi Mseto kiko Dar es Salaam, na Irente Rainbow, shule ya Kanisa la Kilutheri iliyoanza 2005, iko Lushoto, upande wa pili wa nchi.

Daktari wa mbali anaweza kuipa hali ya mtoto jina lake, na jina lina thamani kubwa. Kazi ya kila siku, hata hivyo, iko uani kwa mama, na kazi hiyo inafundishika. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye uchelewaji wa ukuaji, usonji ukiwemo. Ni vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na mkufunzi si lazima awe daktari. Anaweza kuwa muuguzi, mwalimu, au mhudumu wa jamii aliyefundishwa na kusimamiwa.

Yanayofundishwa yanaonekana madogo. Mama anakaa chini, usawa wa macho ya mtoto. Hamtoi kwenye vizibo vyake, anaingia humo humo: mtoto akiweka chekundu, naye anaweka chekundu. Anasema neno moja, "weka", badala ya maneno kumi. Wakati wa kula anashika kipande cha embe mahali mtoto anapokiona, hampi, anasubiri. Anahesabu moyoni moja, mbili, tatu, nne, tano. Kusubiri ndiyo sehemu ngumu, kwa kuwa mama aliyezoea kukisia kila haja ya mtoto mkono wake unatoka wenyewe. Mtoto akitupa jicho, akinyoosha mkono, akitoa sauti yoyote, anapata embe papo hapo na kuambiwa "embe". Mwaka mzima wa jambo hilo unaweza kuleta neno, au ishara ya mkono, au picha inayoelekezwa kwa kidole. Wapo watakaofika mbali na wapo watakaopiga hatua fupi. Kwa nyumba ambayo kila haja ilitolewa kwa kilio, hatua fupi inabadilisha siku.

Mafunzo haya yamejaribiwa Ethiopia, na mradi wa utafiti unaoyahusisha umefika Kenya, Nairobi na Kilifi, na huko Kilifi familia nyingi zinaishi kwa shamba na kibarua kama za Biharamulo. Na Nairobi kuna funzo jingine lenye jina la kwetu. Katika mtaa unaoitwa Ngara iko Shule ya Msingi City, shule ya kawaida ya serikali. Mwaka 2003, mwaka ambao wazazi waliunda Chama cha Usonji cha Kenya, kitengo cha watoto wenye usonji kilianza ndani ya shule ile. Msukumo ulitoka kwa wazazi waliochoka kufunga milango, na hawakungoja jengo jipya.

Ngara ya kwetu nayo ina pa kuanzia. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafikia wananchi kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka 5. Hao ndio wanaojua nyumba ipi ina mtoto asiyetoka nje. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahusu watoto hadi miaka 8, umri uleule unaohitaji maswali yale matatu. Iko pia Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, enzi za kambi ya wakimbizi ya Benaco, na iliyozoea kusema na watu waliotawanyika. Nusu saa kwa wiki yenye sauti za akina mama wenyewe, wakieleza kwa Kiswahili cha nyumbani jinsi mtoto alivyofundishwa kuomba maji, ingefika jikoni ambako kipeperushi hakifiki.

Upande wa shule, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma pamoja na wenzake. Kinachokwama ni darasa lenyewe. Mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi hawezi kufanya miujiza, na safu hii haimdai miujiza. Anaweza kumkalisha mtoto pembeni mbele, mbali na dirisha linalotazama barabara. Anaweza kuchora ratiba ya siku kwenye karatasi ya manila: kitabu, uji, mpira, nyumbani, ili mtoto aone kinachofuata badala ya kushtukizwa. Anaweza kumtoa nje dakika moja kabla rimu la gari halijagongwa kuita mapumziko. Afisa elimu maalumu wa halmashauri ndiye wa kuyafikisha haya shuleni, na hawezi kuyafikisha bila mafuta ya pikipiki.

Fedha pia ina mlango. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mtoto wa miaka sita hawezi kuunda kikundi cha kufuga kuku, na mama anayemlea hawezi kuacha nyumba kwenda kibaruani. Madiwani wa Ngara na Biharamulo walichukue hili kwa uzito na kuwatafutia walezi hawa nafasi iliyo wazi katika asilimia ile 2, wakope kwa kazi inayofanyika uani.

Kata moja kila wilaya inatosha kwa mwaka wa kwanza. Rulenge kwa Ngara, Nyakahura kwa Biharamulo, au kwingineko watakakoona wao. Akina mama kumi na wawili, ukumbi wa kanisa au msikiti, vikao 9, na mtu wa kuwaangalia watoto wakati mama zao wanajifunza, maana bila huyo hakuna atakayekuja. Zile ziara 3 za nyumbani zipangwe jioni, baba akiwa amerudi. Mhudumu amsihi naye akae chini, mavumbini, achukue kizibo kimoja, akiweke mwisho wa mstari wa mwanawe, kisha asubiri.