Cheka Polepole, Shemeji: Timu ya Jirani Ikisota, Bili Yako Iko Njiani

Sema ukweli. Ukiskia timu ya wapinzani imesota, wachezaji hawajalipwa miezi kadhaa na kocha hashiki simu, kitu ya kwanza unafanya ni gani? Unacheka. Kabla hata ujue deni ni ya pesa ngapi, ushatafuta ule msee wako wa upande ile ingine umuulize kama wameanza kuchangishana za unga.

Na hakuna mtu atakushika kwa hiyo. Mchongoano ndio unafanya mpira ikuwe tamu. Machi 2022, serikali ya Uingereza ilipomwekea Roman Abramovich vikwazo, Chelsea walikatazwa kuuza tiketi mpya, duka lao la jezi likafungwa, na nauli ya mechi za ugenini ikawekewa kikomo cha pauni 20,000. Kutoka Kola mpaka Kayole, mashabiki wa Arsenal na Man U walitafuna hiyo story kama mahindi choma. Pauni 20,000! Si hao wapande mat tu kama sisi!

Lakini cheki venye iliisha. Mei mwaka huo huo, Chelsea ikanunuliwa kwa mpango wa pauni bilioni 4.25. Julai 2025 wakachapa PSG 3-0 na kubeba Kombe la Dunia la Klabu. Mkubwa wa Ulaya akianguka, kuna tajiri mwingine tayari ako kwa foleni na kalamu mkononi.

Sasa rudi home. Ingwe ikisota, nani ako kwa foleni? K'Ogalo ikisota, nani? Hapo ndio kicheko kinafaa kukukwama kwa koo.

Tunadishi kutoka sahani moja

Watu hufikiria kila klabu huanguka na makosa yake. Kidogo ni ukweli, uongozi mbovu uko. Lakini angalia venye hii ligi yetu imejengwa, utaona timu zetu zinakula muthokoi kutoka sahani moja. Mtu akitoa hiyo sahani, hakuna kusema "mimi nilikuwa upande ile ingine ya meza."

Kumbuka 2017. SuperSport, wenye walikuwa wanaonyesha ligi na kuleta doo, walijitoa. Klabu zikabaki zikishikilia SportPesa. SportPesa ilikuwa jina la ligi, ilikuwa kwa kifua cha Gor, ilikuwa kwa kifua cha Ingwe. Hata ilikuwa kwa kifua cha Everton. Julai 2019 Everton walikuja Kasarani, Kariobangi Sharks wakawatoa kwa penalti baada ya sare ya 1-1. Siku hiyo kila mtu alikuwa anasema mpira ya Kenya imeomoka.

Mwezi huo huo, serikali ilikataa kurudisha leseni za kampuni 27 za kubeti, vita vya ushuru vikiwa moto. Agosti, SportPesa ikakata udhamini wote wa michezo hapa nchini. Wiki chache tu kutoka kupiga Everton mpaka kuuliza nauli ya kwenda Awendo itatoka wapi.

Na wewe ulikuwa ndani ya hiyo story, hata kama hukujua. Ile fifty bob ulikuwa unaweka kila wikendi ukingoja jackpot, ndio ilikuwa inazunguka inalipa mshahara wa striker. Klabu hazikuwa zinaishi kwa pesa ya geti, hazikuwa zinaishi kwa jezi. Zilikuwa zinaishi kwa mikeka yetu iliyochanika. Sirkal na wenye kampuni wakakosana, striker akakosa rent.

Wenye hawakurudi

Sony Sugar walikuwa mabingwa wa Kenya 2006. Sio timu ya juzi. Msimu wa 2019, walikosa kufika mechi tatu, na sheria ya ligi ikawatupa nje. Matokeo yao yakafutwa kama vumbi kwa ubao. Chemelil Sugar nao walihangaika msimu huo huo mpaka wakashuka. Timu mbili za sukari, na zote zikageuka chungu.

Kabla ya hao kulikuwa na Nakumatt FC. Supermarket ilipoanza kuanguka, timu ikabaki bila baba. Ikabadilishwa jina 2018 ikaitwa Mount Kenya United, na 2019 ikashuka daraja. Jina jipya halikuwa na doo mpya ndani.

Sasa niambie, wenye walicheka Sony Sugar wakikosa mechi walipata nini? Pointi za bure. Mashabiki hawakuona bao hata moja, klabu haikuuza tiketi hata moja. Huwezi chonga mtu juu ya mechi haikuchezwa.

Kila mtu na zamu yake

Ukiwa shabiki wa Gor, 2019 pengine ulicheka ukiskia Casa Mbungo, kocha Mnyarwanda wa Ingwe, ameondoka kwa sababu ya mishahara. Baadaye FIFA ikafungia Ingwe kusajili wachezaji juu ya madeni ya watu waliowahi kufanya kazi hapo. Green Army ikapiga makofi.

Zamu ikafika. Gor walipewa ubingwa 2020 korona ilipokata ligi, lakini kikosi kikaanza kumeguka, Joash Onyango akaenda zake Simba. Desemba 26, 2020, Gor wakapigwa 6-0 na CR Belouizdad kule Algeria, baada ya safari yenyewe kuwa ya kuungaunga. FIFA ikawafungia pia wao kusajili. Halafu ile ilikuwa mbaya zaidi: 2023 walishinda ligi, taji la 20, wakakosa Ligi ya Mabingwa Afrika juu hawakupita masharti ya leseni ya klabu, deni za mishahara zikiwa ndani. Unashinda mbio halafu unaambiwa medali ni ya wenye wamelipa fees.

Hapo sasa Ingwe ndio ilicheka. Ndio ile maneno wazee walisema, mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Shida yetu, huyu kinyozi ako na wembe moja na hachoki.

Kuna siku moja hawa wawili waliona ukweli pamoja. Julai 2021, siku ya derbi, Gor na Ingwe wote hawakutokea uwanjani. Walikuwa wanadai pesa zao kwanza. Fikiria hiyo kitu. Mashemeji, wenye hawawezi kubaliana hata rangi ya mbingu, walikubaliana kutocheza. Njaa iliwapatanisha kabla mzee yeyote awapatanishe.

Uliza Wanyama

Kuna Mkenya aliona hii sinema kutoka viti vya mbele. Victor Wanyama alipitia Ingwe akiwa kijana mdogo, akaenda Sweden, akaenda Ubelgiji, 2011 akafika Celtic, Scotland. Februari 14, 2012, siku ya wapendanao, Rangers, wapinzani wa kufa na kupona wa Celtic, wakaingia mikononi mwa wasimamizi wa madeni. Katikati ya mwaka kampuni ikafilisiwa, na timu ikaanza upya kutoka daraja la nne.

Mashabiki wa Celtic walifanya sherehe. Waliimba kuhusu jeli na aiskrimu kama watoto kwa birthday. Na utawalaumu aje? Zaidi ya miaka mia moja ya uhasama, halafu adui anaanguka mwenyewe bila hata kusukumwa.

Halafu mwaka wa pili ukafika. Wa tatu. Wa nne. Misimu minne nzima bila derbi ya ligi. Celtic walibeba taji zote nne, na ilikuwa kama kukimbia mbio pekee yako halafu uinue mikono ukifika. Viti vikaanza kubaki wazi. Ile mechi yenye ilikuwa inafanya jiji la Glasgow lisimame haikuwa kwa ratiba. Rangers walirudi ligi kuu 2016, na 2021 wakachukua taji na kuwazuia Celtic kufikisha la kumi mfululizo. Iliwauma Celtic, ndio. Lakini angalau kulikuwa na mtu wa kuwauma.

Hao ni watu wako na viwanja vyao na makumi ya maelfu ya watu wenye hulipa kila wiki. Waliyumba lakini wakasimama. Sasa toa Ingwe kwa ligi yetu misimu minne. Gor itauzia nani tiketi za mechi kubwa? Mdhamini gani ataweka doo kwa ligi haina Mashemeji?

"Lakini mimi ni wa Kola, hii inanihusu aje?"

Nimekuskia. Unasema hizo ni timu za watu wa ziwa na watu wa Kakamega, wewe ni Mkamba wa Kola na Arsenal yako inakutosha. Lakini panda mat ya Machakos, shuka, uliza Kenyatta Stadium. Desemba 17, 2017, Harambee Stars walibeba CECAFA hapo hapo, sare ya 2-2 na Zanzibar, halafu penalti 3-2. Kikosi kilikuwa kimejaa wachezaji wa ligi ya nyumbani. Hiyo kombe ilibebwa kwenu, na watu wenye mishahara yao huwa tunaifanyia jokes.

Ama tuongee ya juzi. Agosti 2025, CHAN, Kasarani. Mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani pekee. Tulipiga Congo 1-0, tukapiga Morocco 1-0, nchi nzima ikawa moja mpaka Madagascar walipotutoa kwa penalti kwa robo fainali. Bao la Congo lilifungwa na Austin Odhiambo wa Gor. Shabiki wa Ingwe hakukaa chini akasema "hiyo si yangu." Aliruka kama kila mtu.

Basi huyo kijana hatoki hewani. Ametoka kwa klabu. Klabu ikisota, anacheza bila mshahara miezi mitatu, halafu anahama ama anaacha mpira anatafuta wera. Na kijana wa Kola mwenye anapiga mpira jioni uwanja wa shule, njia yake ya kutoka inapita hapo hapo. Olunga alifunga na Gor msimu wa 2015, wenye walimaliza ligi bila kupoteza mechi, ndio Sweden wakamwona. Ukifunga hiyo mlango juu ya kicheko, umemfungia jirani yako.

Sasa tufanye nini?

Hakuna mtu anakuambia uache kuchonga. Chonga mabao. Chonga penalti imepaa juu. Chonga ile jezi mbaya. Ingwe hawajabeba ligi tangu 1998, hiyo ni material ya kutosha mpaka ufike uzeeni. Lakini mshahara wa mtu haujachezwa, usiuhesabie matokeo.

Pili, jiulize mara ya mwisho ulilipa geti ya mechi ya hapa nyumbani ni lini. Sio kuingia na mlango wa nyuma na rafiki wa askari, ati "niko na officials." Kulipa. Jezi yako ya Gor ni ya klabu ama ni ya jamaa wa Gikomba mwenye klabu haioni hata shilingi yake? Doo ya kampuni ya kubeti inaweza zimwa na barua moja kutoka Nairobi. Doo ya watu elfu kumi wenye wanalipa wenyewe ni ngumu kuzima.

Tatu, uliza hesabu. Mashabiki wetu hujua dakika bao lilifungwa 1987 wakati Gor walibeba Kombe la Washindi Afrika, lakini hawajui msimu jana klabu iliingiza ngapi na ikatumia ngapi. Uliza klabu yako. Na ukiona wa upande ile ingine wanauliza klabu yao, wasaidie kuuliza. Deni yao ya leo ina tabia ya kuvuka barabara.

Kwa hivyo derbi ikipangwa tena, hata kama ni mbali na Kola, jipange na mbogi, lipeni nauli, lipeni geti. Ukishaingia ndani, mchonge shemeji mpaka sauti ikauke. Umelipia hiyo haki, na yeye pia.