Alama Nyekundu Ukutani

Msomaji apitaye katika mitaa ya Nairobi iliyojaa nyumba za kupanga huona mara kwa mara alama ya X iliyopakwa ukutani kwa rangi nyekundu, na juu yake nguo za watoto zimeanikwa. Maana yake wengi waijua: nyumba hiyo imekutwa na kasoro, nayo yaweza kuamriwa kubomolewa. La kuuliza ni kwa nini watu wangali ndani.

Sheria yenyewe si dhaifu kama wengi wadhanivyo. Kwa Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi, mtu hana ruhusa kujenga pasipo kibali cha serikali ya kaunti. Akijenga bila kibali, au akivunja masharti yake, hupewa ilani itajayo kosa lake, jambo alilotakiwa kutenda, na siku ambayo ilani itaanza kutumika. Asiporidhika, ana siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti, nayo kamati yapaswa kuamua katika siku 30. Jambo hili ni jema, maana hata afisa aweza kukosea, na nyumba ikishabomolewa hairudishwi kwa kuombwa radhi.

Udhaifu uko katika hesabu. Faini ya kujenga bila kibali haizidi Sh. 500,000, ingawa kifungo cha hadi miezi miwili chaweza kuongezwa. Tuseme jengo lina vyumba 100, kila kimoja Sh. 3,500 kwa mwezi. Kodi ya miezi miwili ni Sh. 700,000. Mwenye nyumba wa namna hiyo huikunja ilani, akaitia mfukoni, akaendelea kupokea kodi.

Desturi hiyo ni ya kale kuliko sheria hii. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa lililokuwa kando ya mto huko Huruma lilianguka. Watu wapatao 50 wakafa. Mtoto mchanga alitolewa kifusini akiwa hai baada ya saa karibu 80. Wakuu wakaeleza kwamba jengo hilo lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa si salama, nalo lilipasa kubomolewa. Neno lilikwisha semwa, na vyumba vilikuwa vimejaa.

Ilani yaweza kumwendea mwenye nyumba. Walakini mpangaji ndiye alalaye chini ya dari hiyo. Basi yafaa, kabla ya kutoa kodi ya kwanza, aombe kuona cheti cha kaunti kiruhusucho nyumba kukaliwa. Najua wenye nyumba wengine watamcheka, na mlinzi atamwambia vyumba vinakwisha. Na kama ukuta una X, asimwulize mlinzi maana yake. Aende katika ofisi iliyoitia alama hiyo, akaulize tarehe.