SHAMBA LILICHIMBWA NA NANI?

Ndugu wafanyakazi,

Sisi watu wa reli husema kwamba afanyaye kazi lazima apate haki yake. Maneno hayo tunayasema mbele ya tajiri bila woga. Je, nyumbani tunayasema?

Tazameni vilima vyetu vya Machakos. Tangu miaka ya 1950 vimekatwa matuta ya fanya juu, yaani udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu ili mvua isiuchukue. Wageni wa maendeleo wameyasifu katika vitabu. Lakini wachimbaji wengi walikuwa wanawake, katika vikundi vya mwethya, kwa maana waume wengi walikuwa Nairobi na Mombasa wakitafuta mshahara. Hati za mashamba zilipotolewa, mara nyingi jina lililoandikwa ni la mwanamume.

Hata uraia ulikuwa hivyo. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa wanawake wa dunia hapo Nairobi, na wakati ule mama Mkenya aliyezaa nje ya nchi hakuweza kumpa mtoto uraia wake, baba aliweza. Katiba ya 2010 iliondoa ubaguzi huo.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yasema kwamba kulea watoto, kazi ya nyumbani na kulima ni mchango katika mali. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Basi mama atathibitisha jembe lake kwa karatasi gani?

Wengine watasema, "Nikimwandika mke, ataondoka na shamba." Sivyo. Shamba lenye majina mawili haliuzwi na mmoja peke yake, awe mke au mume. Mimi namjua mwenzetu aliyeuza shamba kwa siri akiwa safarini kazini. Mkewe alipata habari siku mnunuzi alipokuja kupiga vigingi katikati ya mahindi yake.

Ndugu zangu, mkienda likizo, fikeni ofisi ya ardhi pamoja na wake zenu, jina la pili liandikwe. Na jambo hili lizungumzwe katika mkutano wa tawi. Tusidai kwa tajiri haki ambayo sisi wenyewe twainyima nyumba zetu.

Ni mimi,
Mfanyakazi wa Reli, Machakos